Mliouguza wazee baada ya upasuaji wa tezi dume, tupeane uzoefu

Mwana wa Uyole: Wakuu, jana nilienda wodini kumwona jirani. Ule mfuko wa mkojo mwekundu unaning'inia kitandani, yakanirudia yote ya mzee wangu. Usiku wa kwanza, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua. Maji ya chumvi yanaingia kibofuni kwa njia moja ya mpira wa mkojo, yanatoka kwa nyingine. Saa nane usiku mzee anajikunja: "Mwanangu, mkojo umenibana." Namwambia baba, una mpira, unatoka wenyewe. Akaniangalia kama nimemtukana. Kutazama mfuko, haujaongezeka hata tone, na maji ya juu yanazidi kuingia! Tumbo chini ya kitovu gumu kama ngoma. Nikamkimbilia nesi, yuko peke yake wodi nzima. Akafunga maji, akachukua sirinji kubwa, akasukuma, akavuta, yakatoka mabonge ya damu kama vipande vya maini. Mzee akashusha pumzi, akauliza kama kuna chai.

Binti Tukuyu: Hapo kwenye chai nimecheka na chozi linanitoka. Ndaga fijo, asante sana.

Mbao Mafinga: Manesi wa siku hizi simu tu. Ungelala mzee angepasuka.

Sista Mstaafu: Acha hizo. Ulishawahi kukesha na wagonjwa thelathini? Ndugu akiona mfuko haujai, aite, hakuna atakayemfokea.

Mbao Mafinga: Mimi nilifokewa.

Mzee wa Mbozi: Dawa ni maji ya kunywa, lita mbili na zaidi kwa siku. Kahawa kidogo haina neno.

Sista Mstaafu: Kahawa inachokoza kibofu, mzee wangu. Iache kwanza.

Mzee wa Mbozi: Niliyolima mwenyewe?

Kijana Makambako: Nyie hamjaona kitu. Shemeji alimtoa baba mkwe hospitali na mpira wake, wakapanda basi. Ule mfuko kauviringisha kwenye kanga, kauweka JUU kwenye mizigo, eti usimwagike. Tunafika Igawa mzee anatoa jasho, mkojo umerudi ulikotoka. Konda kasimamisha gari, abiria wote wanajua habari za tezi ya baba mkwe.

Binti Tukuyu: 😂😂 Juu kwenye mizigo!

Mwenda Iringa: Nasubiri sehemu ya pili. Shemeji bado yuko kwenye ukoo?

Sista Mstaafu: Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, na usiguse sakafu. Na mpira ukiwa haujaziba lakini bado anabanwa, ni misuli ya kibofu inakakamaa. Asijikamue kusukuma mkojo. Dawa ya kuilegeza ipo, mwambieni daktari.

Mwenda Iringa: Na papai. Wa kwangu alijikamua kwa choo kigumu siku ya kumi, damu ikarudi.

Mzee wa Mbozi: Ulanzi je, unalainisha?

Sista Mstaafu: Mzee wangu!

Mwana wa Uyole: Jirani leo siku ya pili, mkojo kama rosela iliyozimuliwa. Vipi?

Sista Mstaafu: Hiyo sawa. Ukiwa mzito kama nyanya ya kopo, mwite nesi hapo hapo.

Kijana Makambako: Shemeji anawasalimu. Anasema alikuwa na nia njema.