Tupeane uzoefu: mliivutaje intaneti ya bei nafuu hadi kijijini?

Mwanzisha mada: Wakuu, kijiji chetu kiko bondeni, mnara wa simu uko nyuma ya mlima. Ukitaka ujumbe uende, panda kilimani. Mjini, kilomita 20 kutoka hapa, intaneti ya uhakika ipo. Shule na zahanati wako tayari kuchangia tuivute kwa dishi za waifai. Mliowahi kufanya hivi, nini kiliwasumbua?

Lushoto: Miti. Kiangazi dishi zilionana vizuri, masika ilipoingia mtandao ukawa unakatika kila mvua ikinyesha. Fundi akabadilisha redio (kifaa cha dishi kinachorusha na kupokea mawimbi), wapi! Kumbe mikaratusi ya katikati ilikuwa imerefuka, na majani yaliyolowa hunyonya mawimbi. Kwa umbali wa kilomita 20 na mawimbi ya waifai ya gigahezi 5.8, dishi kuonana tu hakutoshi: katikati ya njia acheni uwazi wa mita kama 10 juu ya miti. Tulihamishia dishi juu ya tangi la maji la shule, tatizo likaisha. Kabla hamjanunua chochote, mmoja apande kilimani na kioo amulike jua, mwenzake wa mjini atazame kama anauona mwanga.

Laikipia: Kwetu Nanyuki mradi wa intaneti wa Mawingu ulianza 2013 kwa masafa (mawimbi) ya televisheni yasiyotumika, ambayo hupenya miti kuliko waifai. Ila vifaa vyake huvikuti dukani. Waifai ya kawaida kila fundi anaijua.

Same: Sisi ni umeme. Redio inakula wati chache tu, lakini betri iliyochoka haivuki siku mbili za mawingu, na pesa ya betri mpya hakuna aliyeipangia. Sasa kila vocha ya intaneti ikiuzwa, sehemu inaingia mfuko wa betri, mama wa duka anashika daftari. Tunachajisha simu pia kwa sola ileile, kama ushirika wa Zenzeleni kule Mankosi, Afrika Kusini. Mwanzoni kuchaji kulilipa kuliko vocha! Zahanati haikatiwi hata mfuko ukiwa mtupu. Hilo lipitisheni kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kufunga dishi, baadaye ni ugomvi.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Jumamosi tunapanda na kioo. Mkuu wa Same, vocha ya siku mnauzaje?

Same: Mia tano. Wanafunzi mia mbili.