Baada ya Siku Njema, Kidagaa kilinivunja moyo. Nani mwenzangu?

Msomaji wa Kitale: Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ndiyo iliyonitia ugonjwa wa kusoma. Kongowea Mswahili anatoka Tanga akimtafuta babake mpaka huku kwetu Kitale, tena anasimulia mwenyewe, na aibu zake hazifichi. Kidagaa Kimemwozea chake kilipotoka 2012 nilikikimbilia. Nikakuta Mtemi Nasaba Bora ni katili kila anapotokea, Amani ni mwema kila anapotokea, na Sokomoko haiko kwenye ramani yoyote. Ni kama kimeandikwa kwa ajili ya mtihani. Ndiyo maana walimu walikipenda, hakiwapi kazi.

Mwalimu, Kakamega: Hakitupi kazi? Ndugu, njoo ushike darasa langu wiki moja. Nakala chache, watoto wanasoma watatu watatu, na karatasi ya tatu ya mtihani, ile ya fasihi, inawangoja. Mtoto asipojua nani anamwambia nani, wapi na kwa nini, alama za muktadha zimekwenda. Usituite wavivu.

Binti Nyalenda: Mwalimu, shikamoo. Wewe huenda unafundisha, ila wetu hakuwahi kuifungua riwaya mbele yetu. Alikuja na mwongozo, kile kijitabu cha maelezo ya riwaya, akanakili ubaoni: Mtemi ni dhalimu, ni mzinzi, ni mnafiki. Kengele ikalia, akaenda. Riwaya niliisoma kwa raha zangu baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndipo nikakutana na Majisifu. Mwongozo ulimpa mistari miwili, mlevi na mwenye wivu. Kumbe ni mtu anayetamani sana kuitwa mwandishi hata anaiba mswada wa Amani, na nyumbani ana watoto wenye ulemavu ambao anawaonea haya. Huyo si mtu wa rangi moja, kaka wa Kitale.

Duka la vitabu, Nakuru: Naona mwongozo umeshakuwa mchawi. Januari mzazi anaingia dukani na orodha ya shule, na mwongozo umo. Nimwambie siuzi? Hata Chozi la Heri ilipoingia shuleni, waliitisha mwongozo kabla ya riwaya yenyewe.

Msomaji wa Kitale: Jamani, mimi niliuliza kuhusu mwandishi. Ni yule yule aliyempa Kongowea sauti, kwa nini hakumpa Amani?

Mwalimu, Kakamega: Ulituita wavivu, tunajibu hilo kwanza. Na wewe wa Nakuru, hakuna mwalimu wa Kiswahili anayeweka mwongozo kwenye orodha. Hizo ni njama za maduka.

Duka la vitabu, Nakuru: Mwalimu, heshima yako, lakini orodha ninazo, na nyingine zimepigwa muhuri wa shule. Njama gani hiyo inayokuja na muhuri?

Binti Nyalenda: Kwa hiyo mzazi analipia mwongozo, riwaya inaazimwa, halafu tunashangaa watoto hawasomi? Mimi ningeiondoa riwaya kwenye mtihani kabisa, isomwe tu.

Mwalimu, Kakamega: Ukiiondoa kwenye mtihani, dada, haitanunuliwa hata hiyo nakala moja ya watoto watatu. Wa Nakuru, ziba jina la shule, utuwekee hapa orodha moja yenye muhuri. Nangoja.