Mtihani wa mchujo na usaili wa waajiri chuoni: muda uliobaki niugawe vipi?

Swali: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, uhandisi wa umeme

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, na muhula ujao waajiri wataanza kuja chuoni kuchagua wahitimu. Utaratibu tuliotangaziwa una hatua tatu: mtihani wa mchujo unaofanyika kwenye kompyuta, wenye maswali ya hesabu, mantiki na lugha, kisha usaili wa kitaalamu mbele ya wahandisi wa kampuni, na mwisho mazungumzo na maofisa wa rasilimali watu. Wanaoomba kazi za programu watafanya pia mtihani wa kuandika programu ndani ya muda maalumu.

Kinachonitatiza si uhaba wa vitu vya kusoma bali wingi wake. Baadhi ya wenzangu wanakariri maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, na wengine wanaamini kwamba matokeo mazuri ya darasani yatawavusha. Matokeo yangu si mabaya, lakini katika mitihani ya majaribio muda huisha nikiwa bado katikati ya maswali, na ninapotakiwa kueleza kwa sauti jambo ninalolijua, maelezo hunitoka vipande vipande. Naomba ushauri wa waliopita njia hii na hasa wa wale wanaokaa upande wa pili wa meza. Muda niliobaki nao niugawe vipi kati ya hesabu za mchujo, masomo ya fani na mazoezi ya kujieleza? Na iwapo mtihani unakata alama kwa jibu lisilo sahihi, nibahatishe au niache?

Jibu la kwanza: mhandisi wa programu

Mdogo wangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa linajibika kwa hesabu. Chukua swali lenye majibu manne, ambapo jibu sahihi hupewa alama 1 na lisilo sahihi hukatwa robo ya alama. Ukibahatisha bila kujua lolote, unayo nafasi moja kati ya nne ya kupata alama 1 na nafasi tatu kati ya nne za kupoteza robo, hivyo wastani wa faida yako ni alama 1/16, ambayo ni ndogo lakini si hasara. Kanuni ikiwa ni kukata theluthi moja, wastani huo unakuwa sifuri. Hata hivyo, ukiweza kuliondoa jibu moja tu ambalo una hakika kwamba si sahihi, chini ya kanuni hiyohiyo ya theluthi wastani wako unapanda hadi 1/9. Kwa sababu hiyo soma maelekezo kabla ya kugusa swali la kwanza, jibu kila swali ulilofanikiwa kulipunguza, na usiling'ang'anie lile ambalo hata maana yake hujaipata.

Kuhusu kasi, nimeona kwamba wanaochelewa si wale wasiojua hesabu, bali ni wale wanaoanza kila swali kana kwamba ni jipya kabisa, ilhali aina za maswali hayo si nyingi. Gari lililokwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa lina wastani wa 48, si 50, kwa sababu lilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole. Bei iliyopandishwa kwa asilimia 20 kisha ikashushwa kwa asilimia 20 hairudi ilipokuwa, bali inabaki asilimia 96 ya bei ya mwanzo. Bomba linalojaza tangi kwa saa 6 na jingine linalolijaza kwa saa 3 yakifunguliwa pamoja hulijaza kwa saa 2, kwa kuwa kinachojumlishwa ni sehemu ya tangi inayojazwa kila saa, yaani 1/6 na 1/3, na kanuni hiyohiyo hutatua maswali ya mafundi wawili wanaofanya kazi moja kwa kasi tofauti. Ukishaielewa sababu, hubaki na haja ya kukariri majibu. Fanya mazoezi hayo huku saa ikihesabu tangu siku ya kwanza, maana ufahamu unaopatikana bila saa haukufunzi wakati wa kuliacha swali na kwenda mbele.

Kwa wanaokwenda kwenye mtihani wa programu, ushauri wangu mkubwa ni kusoma mipaka ya data kabla ya kuandika mstari wowote. Swali likisema orodha inaweza kuwa na vipengele 100,000, njia ya kulinganisha kila kipengele na kila kingine inahitaji hatua za kiwango cha bilioni 10, nayo itapitwa na muda uliowekwa. Lakini ukiipanga orodha kwanza kwa njia nzuri, kazi inashuka hadi kiwango cha milioni 2 hivi. Mipaka hiyo ni dokezo ambalo mtungaji amekupa bure. Kisha, kabla ya kuwasilisha, jaribu programu yako kwa orodha tupu, orodha yenye kipengele kimoja, vipengele vinavyofanana vyote, na namba hasi, kwa sababu huko ndiko programu nyingi zinakoangukia.

Jibu la pili: mhandisi wa umeme, mjumbe wa jopo la usaili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mchujo, lakini ningependa kusisitiza kwamba mchujo ni mlango tu. Mwanafunzi anayetumia nguvu zake zote hapo hufika mbele yetu akiwa na alama za juu na maneno machache sana. Tukiwa jopo, hatutafuti mtu anayekumbuka somo gumu la mwaka wa nne. Tunauliza mambo ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha tunauliza kwa nini, na tena kwa nini, mpaka tufike mahali ambapo ufahamu wake unakomea.

Kwa mfano, kila mwanafunzi wa umeme anajua kwamba umeme husafirishwa mbali kwa volteji kubwa. Nikiuliza sababu, wengi husema ni kupunguza upotevu, na hapo wananyamaza. Ninachosubiri ni hatua inayofuata: kwa nguvu ileile, volteji ikiongezwa mara 10, mkondo hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na kwa kuwa joto linalopotea kwenye waya hutegemea mraba wa mkondo, upotevu katika waya uleule unashuka hadi sehemu moja ya mia. Vivyo hivyo, transfoma huandikwa uwezo wake kwa kVA (volteji mara mkondo) badala ya kW (nguvu inayofanya kazi halisi). Anayejua sababu ataeleza kwamba upotevu wa kwenye nyaya zake hutegemea mkondo na upotevu wa kwenye chuma chake hutegemea volteji, kwa hiyo kinachoipasha moto ni viwili hivyo, bila kujali mzigo una kipengele gani cha nguvu (power factor), yaani uwiano wa kW kwa kVA. Hakuna jambo la siri katika majibu haya. Yamo katika vitabu vyenu vya mwanzo.

Ninajua kwamba wanaosoma hapa si watu wa umeme peke yao, kwa hiyo nitaje lile ambalo wenzetu wa ujenzi hupenda kuuliza. Huchora boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili na kuuliza nondo kuu ziwekwe wapi. Mwanafunzi anajibu kwamba ziwe chini, na jibu hilo ni sahihi. Kisha wanachora boriti iliyoshikwa ncha moja tu, kama ya roshani, na aliyekariri anarudia kusema chini. Aliyeelewa anakumbuka kwamba zege hustahimili sana kukandamizwa lakini ni dhaifu linapovutwa, kwamba boriti ya aina hii huvutika upande wa juu, na kwamba nondo hufuata mvuto popote ulipo. Mchoro mmoja umewatenganisha watu wawili wenye alama sawa za darasani.

Eneo jingine ambalo wanafunzi hulidharau ni mradi wao wenyewe, nami nasema kwa moyo wote kwamba hapo ndipo nafasi nyingi hupotea. Kama umeandika katika wasifu wako kwamba mlitengeneza kifaa cha kupima matumizi ya umeme, nitataka kujua wewe binafsi ulifanya sehemu ipi, kwa nini mlichagua kihisi hicho na si kingine, vipimo vyake vilitofautiana kwa kiasi gani na vya mita ya kawaida, na ungebadilisha nini leo. Anayesema "tulifanya" kwa kila jambo huniacha nikijiuliza kama alikuwepo. Andika namba za mradi wako kwenye karatasi moja, uzijue zilikotoka, na uondoe katika wasifu kila neno usiloweza kulitetea kwa dakika tano. Ukiandika kwamba unaijua lugha fulani ya programu, uwe tayari kuiandika ubaoni.

Jibu la tatu: mhadhiri wa chuo cha uhandisi

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, nami nitajikita katika lile lalamiko la maelezo kutoka vipande vipande, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo zaidi kwa wanafunzi wenye bidii. Wengi wao husoma kwa kurudia kurasa zilezile mpaka zinapoonekana nyepesi, na wepesi huo huwadanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambapo wanafunzi walisoma vifungu vya maandishi, kundi moja likavirudia kwa kusoma na jingine likajipima kwa kuandika yale waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi. Usaili hauji baada ya dakika tano. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora saketi au grafu kwa kichwa, eleza kwa sauti kana kwamba unamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ndipo ufungue kitabu kuona ulipokwama.

Ukiweza, fanya hivyo mbele ya mwenzako aliye fani nyingine. Mtu wa mitambo atakuuliza maana ya kila neno ambalo wewe na wenzako wa umeme mnalipita bila kulifikiria, na maswali yake yatakulazimisha kuunganisha vile vipande.

Kuhusu mgawanyo wa muda, sikubaliani na wanaotoa ratiba moja kwa watu wote. Wewe mwenyewe umekwisha kutaja udhaifu wako: kasi na kujieleza. Kwa hiyo mchujo uupe muda mfupi wa kila siku, saa ikiwa mezani, na usiache siku ipite, kwa sababu kasi hujengwa kwa kurudiarudia na hupotea haraka. Masomo ya fani yapewe sehemu kubwa, yakianza na yale machache yanayobeba mengine. Kwako ni saketi, mashine za umeme, mifumo ya usafirishaji wa umeme na misingi ya elektroniki. Kujieleza usikutengee muda wake peke yake, bali kufanye kuwa namna yako ya kurudia masomo hayo. Maswali ya miaka iliyopita yana faida ukiyatumia kujipima na kuijua sura ya mtihani, ila mwanafunzi anayeyakariri hupoteza kipimo pekee cha kweli alichokuwa nacho.

Mazungumzo na rasilimali watu hayahitaji maandalizi marefu. Jua kampuni inafanya nini hasa, uwe na matukio mawili au matatu ya kweli kuhusu kazi ya pamoja, mgogoro au tarehe iliyokaribia kupitwa, na kila tukio ulieleze kwa mpangilio: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Wakikuuliza kama una swali, uliza kuhusu kazi ya mhandisi mpya katika miezi yake ya mwanzo na nani atakayemsimamia.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, kaka zangu, nawe mwalimu. Nimeshaanza kuandika namba za mradi wangu, na tayari nimekuta mbili ambazo sikujua zilikotoka. Nina jambo moja limebaki: nikiulizwa swali ambalo kwa kweli silijui, ni heshima zaidi kusema "sijui" mara moja, au nijaribu?

Mhandisi wa umeme, mjumbe wa jopo

Inategemea swali, ndugu yangu. Kama ni jina la kiwango au tarakimu ambayo mtu huikumbuka au haikumbuki, sema hujui na utaje ungeitafuta wapi. Kubuni tarakimu mbele ya wahandisi hukuharibia hata majibu mazuri uliyokwisha kutoa. Lakini kama swali linaweza kufikiwa kwa kufikiri, sema unachokijua na uanzie hapo kwa sauti.

Tuseme nimekuuliza hita ya kW 2 itachukua muda gani kupandisha joto la lita 10 za maji kwa nyuzi 40 za Selsiasi, nawe hukumbuki kanuni yoyote ya hita. Unajua kwamba nishati inayoingia lazima iende mahali. Unajua kwamba lita moja ya maji ni kilo moja hivi, na kwamba kila kilo huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Zidisha: 10 kwa 4.2 kwa 40 ni kilojuli 1,680. Hita inatoa kilojuli 2 kila sekunde, kwa hiyo ni sekunde 840, yaani dakika 14. Kisha ongeza mwenyewe, kabla sijakuuliza, kwamba muda halisi utazidi huo kwa sababu chombo nacho kinapashwa na joto jingine linapotea hewani. Ukikosea kuzidisha katikati, nitakuonyesha na tutaendelea. Ukinyamaza dakika nzima kisha ukataja namba, hata ikiwa sahihi, sitakuwa na njia ya kujua umeifikiaje.