Taylor, Van Gerwen au Littler: nani ana rekodi nzito zaidi kwenye vishale?

Mwana_Shangani
Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini. Kwenye bwalo tunalochezea vishale (darts) ubishi umekuwa mkali, nimeona niulete hapa. Tulinganishe watatu: Phil Taylor, Michael van Gerwen na Luke Littler. Siulizi nani yuko moto mwaka huu. Nauliza nani ana maisha makubwa zaidi ya ushindani, ukiyachukua yote kwa pamoja.

Mimi niko na Taylor. Bingwa wa dunia mara 16: mara 2 akiwa BDO, chama cha zamani cha vishale (1990 na 1992), mara 14 upande wa PDC, chama cha waliojitenga nacho, la mwisho 2013. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Stoke-on-Trent, Eric Bristow, staa wa vishale wa enzi hizo, akamdhamini aache kazi acheze, na fainali ya 1990 akamchapa huyo huyo Bristow seti 6-1. Mwaka 2018 akacheza fainali nyingine ya dunia akiwa na miaka 57. Nani mwingine amedumu hivyo?

Korosho_Safi
Mkuu, 16 naiheshimu, ila ipime na waliokuwa mbele yake. Mastaa walijitenga na BDO, wakaanzisha mashindano yao ya dunia 1994, na Dennis Priestley ndiye aliyeshinda yale ya kwanza. Walikuwa wachezaji 24 tu. Wengine wote wazuri walibaki upande wa pili, hawakutani. Sasa hivi pale Alexandra Palace, London, wanaingia 128.

Van Gerwen kashinda 2014, 2017 na 2019, Premier League ya vishale kaibeba mara 7, na alikaa namba moja duniani tangu mwanzo wa 2014 hadi mwanzo wa 2021. Hapo kila wikiendi kuna mtu mpya anayetaka kukung'oa. Mwaka 2016 alipiga wastani wa 123.40 kwenye mechi ya Premier League, yaani kila akirusha vishale vitatu anapata karibu pointi 123. Ukiutazama ubao, ule ukanda wa trebo 20, unaozidisha 20 mara tatu, ni mwembamba kuliko kidole. Huwezi kufika 123 bila kuugusa karibu kila unaposimama mstarini.

Binti_Nachingwea
Mnalinganisha mzee aliyestaafu na mtoto. Littler kazaliwa Januari 2007. Pimeni kwa umri: Taylor alipata ubingwa wa kwanza wa dunia akiwa na miaka 29, Van Gerwen 24, Littler 17. Fainali ya 2024 alipoteza 7-4 kwa Luke Humphries, mwaka uliofuata akarudi akamfunga Van Gerwen 7-3, na 2026 akamfunga Gian van Veen 7-1 na kuchukua pauni milioni 1. Kwa muda aliocheza, hakuna aliyewahi kufika alipo. Ila rekodi ya Taylor bado haijafikiwa, hilo nakubali kabisa.

Na mkitaja ukubwa msimwache Fallon Sherrock. Desemba 2019 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi kwenye mashindano ya dunia ya PDC, tena akashinda mbili. Mabinti wanaocheza huku kwetu wanamjua yeye kuliko hao watatu wenu.

Babu_wa_Mikindani
Wanangu, mbona Raymond van Barneveld hayumo? Alikuwa tarishi wa posta Uholanzi. Kashinda ubingwa wa dunia mara 4 BDO, kisha akahamia PDC, na fainali ya 2007 akakutana na Taylor. Akawa nyuma seti 3-0 (seti moja ina legi kadhaa, na kila legi unaanza na pointi 501 unazipunguza hadi sifuri). Akapanda taratibu mpaka 6-6, na seti ya mwisho nayo ikagoma, ikabidi legi moja iamue, kila mmoja arushe kishale kimoja katikati kuona nani aanze. Barneveld akashinda 7-6. Sijaona mechi ya vishale kama ile.

Mwana_Shangani
Shikamoo babu. Mechi hiyo kwangu inampa Taylor uzito zaidi. Ili umfunge ilibidi ufike legi ya mwisho kabisa ya seti ya 13.

Fundi_Ubao_Lindi
Mimi nampa Taylor kwa sababu moja: kumaliza. Pointi nyingi wote wanapata, ila 501 unaifunga kwa dabo tu, yaani sehemu inayozidisha namba mara mbili. Tazameni wakubwa wanavyopenda kubakiza 32. Ukikosa dabo 16 ukaangukia 16 ya kawaida, inabaki 16, unaenda dabo 8. Ukikosa tena hivyo hivyo, dabo 4, halafu 2, halafu 1. Huhitaji kishale cha kusawazisha hesabu. Taylor aliishi kwa hesabu hizo miaka karibu 30, mwili ukichoka kichwa kinabeba.

Lakini kwa kijana wa Mtwara au Lindi mimi ningemwonyesha David Munyua wa Kenya. Ni daktari wa mifugo. Desemba 2025 akawa Mkenya wa kwanza kucheza mashindano ya dunia, akawa nyuma seti 2-0 dhidi ya Mike De Decker wa Ubelgiji, akageuza 3-2. Jirani yetu kabisa huyo. Rob Cross naye alikuwa fundi umeme, akashinda ubingwa wa 2018 mara yake ya kwanza kushiriki, akimfunga huyo Taylor 7-2.

Korosho_Safi
Kwa Munyua sina ubishi. Kwa ukubwa, bado nasimama na Van Gerwen.

Binti_Nachingwea
Kaka Fundi, tunataka kufunga ubao shuleni kwa ajili ya wanafunzi wa jioni. Vipimo ni vipi?

Fundi_Ubao_Lindi
Dada, katikati ya ubao iwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na namba 20 iwe juu. Mstari wa kusimama uwe mita 2.37, na pima kuanzia uso wa ubao, si ukutani. Kama ukuta ni wa matofali, weka kwanza kipande cha mbao kipana nyuma yake, la sivyo ncha za vishale zitaisha mapema.