Slaidi za Kiingereza Gredi ya 1 hadi 3, Lamu: projekta, runinga, tableti au kadi za karatasi?

Mkomani_Darasani
Asalaam aleikum walimu. Naomba tulinganishe vyombo vya kuonyeshea slaidi katika somo la Kiingereza, madarasa ya chini. Darasa ninalolipigia hesabu ni la mita 7 kwa 6, watoto 50, madirisha pande mbili na matofali ya matundu juu, yaani mwanga umejaa tangu asubuhi. Kipindi ni dakika 30.

Nimeanza na herufi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea kabla hata ya kununua kitu. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila taabu kutoka mita 3 hivi. Mtoto wa dawati la nyuma yuko mita 7, kwa hiyo anahitaji herufi ya sentimita 6. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 tu. Ukigawa, herufi kubwa inataka sehemu moja ya tisa ya kioo, na kwenye slaidi hiyo ni fonti ya 85 hadi 90. Mstari mmoja utabeba herufi kama ishirini: *It is a donkey.* inaingia, sentensi mbili haziingii. Projekta ikitoa picha ya upana wa mita 2, kimo chake ni sentimita 112, na fonti ya 40 inatosha.

Kwa hesabu hiyo projekta inaongoza. Wenye ujuzi wa umeme na mwanga, nirekebisheni.

Fundi_Langoni
Wa aleikum salaam mwalimu. Hesabu ya herufi iko sawa, lakini imeuacha nje mwanga, na mwanga ndio unaoiua projekta katika madarasa yetu. Projekta haina rangi nyeusi ya kwake; nyeusi yake ni ule ukuta ulivyo. Jua likiingia kwenye matundu, nyeusi inakuwa kijivu na picha ya dau inabaki ukungu. Darasa lisilo mapazia linataka lumeni 3,500 kwenda juu (lumeni ni kipimo cha mwanga), na ziwe za kipimo rasmi cha ANSI. Vile vijiprojekta vidogo vya bei nafuu vyenye tarakimu kubwa kwenye boksi, tarakimu hizo si za ANSI. Mchana havionyeshi kitu.

Ukiziba madirisha kwa mapazia mazito, watoto 50 chini ya mabati wakati wa kaskazi watasinzia kabla ya slaidi ya tatu. Chumba kinachofaa projekta ni cha nyumba ya kale, kuta nene za mawe na madirisha madogo. Shule chache zina chumba kama hicho, pengine stoo. Kipake ukuta chokaa nyeupe isiyong'aa, usipake rangi ya mafuta, kwa maana huakisi taa na kuacha doa jeupe katikati ya picha.

Mengine ya projekta, kwa haraka:
- Projekta nyingi za darasani hutaka mita 3 kutoka ukutani ili kupata picha ya mita 2. Ukiiweka juu ya dawati, watoto wa mbele watapita mbele ya mwanga siku nzima. Ifunge darini.
- Usichomoe waya mara tu ukimaliza. Zima kwa kitufe, ngoja feni isimame yenyewe. Balbu inayokatiwa feni ingali moto hufa mapema. Stima ikikatika ghafla matokeo ni yale yale, kwa hiyo weka UPS (betri ya akiba), hata ndogo ya kushikilia dakika tano.
- Chujio la vumbi lisafishwe kila wiki mbili. Vumbi letu lina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu na kugandamana.

Runinga haijali jua la matundu alimradi haitazami dirisha moja kwa moja. Iweke kwenye pembe ya chumba, mgongo upande wa dirisha, kioo kiinamishwe chini kidogo, na ukingo wake wa chini uwe mita 1.4 kutoka sakafuni, watoto wakiwa wamekaa madawatini.

Mkomani_Darasani
Hilo la mwanga limenigeuza, nakubali. Basi runinga, kwa fonti ya 88. Hofu yangu ni moja: kwa herufi kubwa hivyo, neno moja kwa slaidi si kidogo mno?

Shela_Kusoma
Mwalimu mwenzangu, neno moja ni jingi. Slaidi ya kwanza isiwe na neno hata moja.

Sababu iko kwenye Kiswahili chenyewe. Mtoto wetu amezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Mwonyeshe *name* kabla hajaisikia, atasoma "na-me", na atakuwa sahihi kwa kanuni anayoijua. Mwonyeshe *desk*, ataongeza irabu mwishoni: "deski". Kosa lililoingia kwa jicho hutoka kwa shida. Kwa hiyo mpangilio wa kila neno ni huu: slaidi ya picha tupu, mwalimu atamke mara tatu, watoto waseme, kisha mtoto mmoja mmoja, slaidi ya pili picha ile ile bila kuhama hata kidogo, na neno chini yake, slaidi ya tatu neno peke yake. Maneno manne kwa kipindi, slaidi kumi na mbili. Ukipeleka ishirini na tano utakuwa unabonyeza tu, hufundishi.

Jambo ambalo slaidi hulifanya vizuri kuliko ubao ni kuonyesha tofauti ambazo Kiingereza inazo na Kiswahili hakina. Hapo ndipo jasho liende:

*Mkono* wetu ni *hand* na ni *arm*. *Mguu* ni *leg* na ni *foot*. Chukua picha moja ya mtoto, ya kuchorwa, ipake rangi kuanzia begani hadi kiganjani kwa *arm*. Slaidi inayofuata rangi ibaki kwenye kiganja na vidole tu. Macho yanaona mpaka ulipo, hakuna haja ya tafsiri.

*Yeye* haichagui mume wala mke. *He* na *she* zinahitaji picha mbili pembeni mwa nyingine, mvulana na kofia, msichana na mtandio, wakifanya kitendo kile kile: *He is running. She is running.* Vitendo vikitofautiana mtoto atadhani tofauti iko kwenye kitendo.

Kwa jamaa mambo yanageuka: sisi tuna ami na mjomba, wao wana *uncle* mmoja tu. Chora mti wa ukoo, ami upande wa baba, mjomba upande wa mama, kisha neno moja lianguke juu ya wote wawili. Watoto hupenda sana slaidi hii.

Na irabu. Kwa sikio la Kiswahili *hat*, *hut* na *heart* zote zina "a". Tatu hizi zinachoreka: kofia, kibanda, moyo. Ziweke slaidi moja, sema moja, mtoto aelekeze kwa kidole. Vivyo hivyo *ship* na *sheep*. Lakini dakika zisipotee kwenye *think* na *this*. Mtoto wa Pwani anayesema *thelathini* na *dhahabu* sauti zote mbili anazo kinywani. Kinachompa shida ni maandishi, kwa kuwa Kiingereza huandika zote *th*. Zipake rangi mbili tofauti, imekwisha.

Fonti itumike Andika, ya shirika la lugha la SIL, ya bure, iliyotengenezwa kwa wanaojifunza kusoma (na jina lake ni neno letu). Herufi *a* na *g* zake zinafanana na zile mtoto anazoandika daftarini. *a* ya Times ina mkia juu, na Gredi ya 1 huiona ni herufi nyingine.

Malindi_Gredi2
Nashukuru kwa hilo la irabu, ukhti. Naongeza tableti na kadi, maana mmezisahau.

Tableti: mpango wa serikali wa 2016 uliwaletea wanafunzi tableti pamoja na laptopu za walimu na projekta, kwa hiyo shule nyingi bado zina kitu kabatini. Kabla ya kuchaji, zilaze mezani. Inayobembea ina betri iliyovimba. Hiyo isichajiwe tena. Tableti moja kwa watoto watatu haifai, wa tatu huangalia nje. Wawili wawili ndiyo kazi: mmoja anaona picha, mwenzake haoni na anauliza *Is it big? Is it in the sea?* Sauti zizimwe. Tableti ishirini zikisema *octopus* kwa pamoja hakuna anayesikia neno.

Kadi za A4 zinashinda vyombo vyote kwa jambo moja: mtoto huzishika. Kioo hakishikiki. *Stand next to the crab* haiwezekani kwenye runinga. Picha upande mmoja, neno nyuma, kadi 12 kwa seti. Ukipiga laminesheni acha ukingo wa milimita 5 wa plastiki kuzunguka karatasi yote. Ukikata pembeni kabisa unyevu wa bahari huingia na karatasi huvimba kwa muhula mmoja.

Kwa hiyo usiulize runinga *au* kadi. Dakika 12 runinga, dakika 15 kadi, zilizobaki ni za kugawa na kukusanya. Runinga ikiwaka wakati wa kadi itawavuta macho: kwenye PowerPoint bonyeza herufi B, kioo kinakuwa cheusi; bonyeza tena, slaidi inarudi pale pale.

Tahadhari kwa wanaopakua slaidi tayari mtandaoni: nyingi ni za Marekani. Mtoto atafundishwa *color*, *pants* na *cookie*, kisha kitabu chake cha Kenya kiseme *colour*, *trousers*, *biscuit*. Na zimejaa theluji. Piga picha kwa simu: punda, mnazi, kaa, pweza, mashua, embe. Watu ni afadhali wachorwe, hasa kina mama. Picha ya mtoto isitumike bila idhini ya mzazi.

Faza_Kisiwani
Kwa walio visiwani, stima ya sola. Runinga ya 43 hula wati 70 hadi 100, laptopu 50, spika 10. Chukua 150, vipindi vinne vya nusu saa: wati-saa 300, na ukiongeza inazopoteza inveta (kigeuzi cha umeme wa betri), 350. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 ina wati-saa 1,200, nusu tu ndiyo ya kutumia bila kuiharibu, 600. Inatosha na kubaki. Projekta ya wati 280 pamoja na laptopu na spika inafika 340. Saa mbili na upotevu ni 800. Betri hiyo hiyo haitoshi. Huko kwetu hili peke yake linamaliza mjadala.

Runinga isafirishwe wima ndani ya boksi lake, tangu gati la Mokowe, upande wa bara, hadi inapofika. Ikilazwa botini, kioo huweza kupasuka kwa mawimbi hata bila kuguswa.

Laptopu pia unaweza kuiacha. Hifadhi slaidi zote kama JPEG, weka kwenye flashi, chomeka runinga. Lakini angalia majina: kompyuta huandika Slide1, Slide2, na runinga nyingi hupanga kwa herufi, kwa hiyo Slide10 hufuata Slide1 na somo zima huvurugika. Badilisha ziwe 01, 02, 03. Sauti na michoro inayotembea hupotea, ila kwa mpangilio wa dada wa Shela havihitajiki.

Fundi_Langoni
Na wanaotumia spika: waya, isiwe bluututhi. Spika ya bluututhi husinzia sauti ikikatika, na ikiamka hukata mwanzo wa neno. *Cat* inasikika *at*. Darasa zima linajifunza kosa.

Mkomani_Darasani
Basi ni runinga na kadi. Swali la mwisho: saa. Mshale uko kwenye 7, mtoto anasema saa moja, mimi nataka *seven o'clock*. Slaidi gani?

Shela_Kusoma
Usimwambie saa moja ni kosa, kwa kuwa si kosa. Uso wa saa ule ule kwenye slaidi mbili: kwanza na jua limeshachomoza juu ya bahari, watoto waseme *saa moja asubuhi*, kisha jua lile lile, na namba 7 peke yake iliyopakwa rangi nyekundu, *seven o'clock*. Kanuni ya Gredi ya 2 iwe "Kiingereza husoma namba ambayo mshale mfupi unaielekea". Usiwape habari ya kutoa sita. Watoto hutoa hata kwenye daftari la hesabu. Anza na 7, 8 na 10. Sita na 12 ziache wiki ya pili, kwa kuwa *six o'clock* ni *saa kumi na mbili* na *twelve o'clock* ni *saa sita*, ni rahisi kuzichanganya.

Na ukifika *on* na *above*, ambazo kwetu zote ni *juu ya*: dau likiwa majini, ndege hewani. Chini ya ndege weka kivuli chake juu ya maji, mbali kidogo na dau, la sivyo wa dawati la nyuma watadhani ametua mlingotini na watasema *on*.