Lisbon kwa mguu bila mtu wa kututembeza, tuanzie wapi?

Mdadisi

Wakuu habari zenu. Mwezi ujao napita Lisbon na mama yangu mzazi, tuna siku moja nzima na asubuhi ya siku inayofuata, halafu ndege jioni. Sitaki yale makundi ya watalii ya kufuatana na mtu ameshika bendera, nataka tutembee wenyewe, tukichoka tunakaa, tukipenda kitu tunakiangalia mpaka tutosheke. Shida ziko mbili. Kwanza nasikia ule mji ni vilima vitupu na mama magoti yanamsumbua. Pili, orodha zote nilizosoma mtandaoni zinataja majengo tu, hili zuri, lile la zamani, basi. Sisi Mreno tumemsoma tangu shule ya msingi, Vasco da Gama, Kilwa, Fort Jesus, sasa nikifika kwake nataka nione na upande wake ile habari wameiweka vipi. Mwenye kuujua mji anipe njia inayoeleweka.

---

Pwani_Yetu

Karibu mkuu, na hongera kwa kusafiri na mama.

Kitu cha kwanza, Lisbon unapanda kwa chombo na unashuka kwa mguu. Ukishika hilo magoti ya mama yatasalimika. Asubuhi mapema chukueni tramu namba 28 au teksi mpaka kanisa la São Vicente de Fora, huko juu. Nasema mapema kwa sababu 28 ikishafika saa nne inajaa watalii, foleni ya kituo cha Martim Moniz inakuwa ndefu, na ndani ya ule msongamano wezi wa mifukoni ndio ofisi yao, pochi ya mama ikae mbele.

Nyuma ya hilo kanisa kuna Panteão Nacional, jengo jeupe lenye kuba kubwa. Ujenzi wake ulianza karne ya 17 na kuba likaja kukamilika 1966, fikiria mwenyewe. Wareno huwazika humo watu wao wakubwa, na mmoja wao ni mwanasoka Eusébio, mtoto aliyezaliwa Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo. Alifariki 2014 na mwaka uliofuata wakamhamishia humo. Mimi pale nilisimama muda mrefu sana, kijana wa Msumbiji kalala katikati ya marais na waandishi wa Ureno, na alitoka kwao wakati kwao bado ni koloni. Mengi yapo hapo.

Baada ya hapo fuateni reli ya tramu kurudi upande wa Portas do Sol. Kuna kipande kifupi cha kupanda kabla hamjafika, mama asikimbizwe. Pale ni roshani ya wazi, unaona mapaa mekundu ya Alfama yote na mto Tagus chini ambao ni mpana kama ghuba. Vichochoro vya Alfama vinapinda na kubanana kwa sababu ni mtaa wa tangu enzi za Waislamu waliotawala hapa mpaka mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, alipouteka mji 1147, na tetemeko la 1755 halikuuvunja sana kama lilivyovunja bondeni. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Lamu au Zanzibar hatapotea. Ngome ya São Jorge iko juu zaidi, ina kiingilio na mawe yasiyo sawa, kwa mama mimi ningeiacha.

Kutoka hapo ni mteremko moja kwa moja mpaka kanisa kuu la Sé, lililoanza kujengwa baada ya huo ushindi wa 1147, halafu mnaingia Baixa, mtaa wa bondeni, ambako ghafla mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Sababu ni tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani, mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika, moto ukashika mji, na waliokimbilia ufukweni mawimbi yakawafuata hukohuko. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, akaujenga upya huu mtaa wote kwa ramani moja, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizofungwa mtambuka ili nyumba icheze ikitikiswa badala ya kuanguka. Ukisimama Praça do Comércio penye ule uwanja mkubwa unaoangalia mto, jua kwamba hapo ndipo ilipokuwa jumba la mfalme, na bidhaa za kutoka bahari yetu zilishushwa hapo jirani. Jumba lote lilikwenda na tetemeko.

Siku ya pili asubuhi nendeni Belém, mtaa wa kando ya mto nje kidogo ya katikati ya mji, huko ndiko kwenye kaburi la Vasco da Gama.

---

BintiMwalimu

Pwani_Yetu kaeleza vizuri ila kaishia mtoni, na mimi naona sehemu mbili zinazotuhusu ziko mbele ya hapo.

Ya kwanza ni Largo de São Domingos, pembeni tu ya uwanja wa Rossio, tambarare kabisa kutoka Praça do Comércio ukipita Rua Augusta. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati mwezi Aprili 1506, na hapohapo mbele ya kanisa ndipo Waafrika wa Lisbon wanapokutana, hasa watu wa Guinea-Bissau, wamekaa wanapiga soga na wengine wanauza vitu vya kwao. Mama apumzike hapo. Halafu aingie ndani ya kanisa lenyewe, liliungua 1959 na nguzo wameziacha na makovu ya moto, hawakuzipaka rangi. Mimi makanisa yaliyonakshiwa dhahabu yananichosha haraka lakini hili linanikaa moyoni.

Ya pili ni Largo do Carmo. Msipande kwa ile lifti ya chuma ya Santa Justa, ni nzuri kuitazama, ya 1902, lakini foleni yake inaweza kuwamalizia saa nzima. Ingieni stesheni ya metro ya Baixa-Chiado upande wa Baixa, pandeni ngazi za umeme mtokee Chiado juu, kutoka hapo ni mwendo mfupi. Mtaona kanisa la watawa lisilo na paa, paa liliporomoka 1755 na matao yamebaki yanatazama mbingu. Lakini mimi nawapeleka kwa ajili ya kambi ya askari iliyo jirani yake. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi vijana chini ya kapteni Salgueiro Maia waliizingira kambi hiyo, ndani yake amejificha waziri mkuu Marcelo Caetano, jioni akasalimu amri na udikteta ukaisha. Vita vya Msumbiji, Angola na Guinea ndivyo vilivyowachosha hao askari. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam 1962, ikaanza kupigana 1964, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Yaani historia yetu inapita katikati ya hicho kiwanja kidogo chenye miti na chemchemi, na watalii wengi wanakipita wakienda kupiga picha ya lifti.

Na kuhusu Belém sikubaliani sana. Kama asubuhi ni moja tu na kitu mnachotafuta ni Kilwa, nendeni Museu Nacional de Arte Antiga, yaani makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes. Humo kuna Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilika 1506, kazi ya sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel I. Dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa kwenye safari yake ya pili, akarudi nayo 1503. Hilo Wareno wenyewe wanalisema wazi, halijafichwa. Na kabla hata chombo hakijakamilika, 1505, meli za kamanda wa Kireno Francisco de Almeida zilifika Kilwa na kuupora mji.

---

Pwani_Yetu

BintiMwalimu hapo kwa ile dhahabu umenifunga mdomo. Ila Belém usiitupe. Kanisa la Jerónimos ukiingia tu, kushoto Vasco da Gama, kulia mshairi wao mkubwa Luís de Camões, makaburi ya mawe yaliyochongwa kamba na meli, na nguzo za ndani zimepanda kama minazi inayofungua makuti. Mtu aliyeona ule mnara wa msalaba pale Malindi akaja kuona na hili kaburi anakuwa ameshika ncha zote mbili za ile safari ya 1498. Na chini ya Padrão dos Descobrimentos, mnara wa 1960 wa kumbukumbu ya safari za Wareno, kuna ramani kubwa ya dunia iliyotandazwa kwa mawe sakafuni, yenye miaka ambayo Wareno walifika kila pwani. Ile ni bure, unatembea juu yake.

---

Mdadisi

Aisee mmenipa kitu ambacho sikukipata popote. Mama nimemsomea habari ya dhahabu ya Kilwa, kasema ndiko anakotaka kwenda hata kama hatuendi kwingine. Swali moja tu, siku yetu nzima inaangukia Jumatatu na ile asubuhi ni Jumanne. Kuna tatizo?

---

BintiMwalimu

Lipo. Jumatatu Panteão, Jerónimos na hiyo makumbusho vyote vinafungwa. Kwa hiyo Jumatatu fanyeni vya nje: Portas do Sol, Alfama, Sé, Praça do Comércio, São Domingos, Carmo. Panteão mtaiona kwa nje, ndani Eusébio atawasubiri safari nyingine.

Jumanne asubuhi chukueni basi 714 pale Praça da Figueira, linapita Janelas Verdes karibu na makumbusho, maana mkienda na tramu ya 15 mtashushwa barabara ya chini na mama atakutana na ngazi. Fikeni mlango unapofunguliwa, nendeni kwanza kwenye hiyo Custódia kabla ya vitu vingine vyote. Mkitoka, basi hilohilo linaendelea mpaka Belém, muda ukibaki mnamalizia na Jerónimos, na kurudi mjini kuna treni ya kwenda Cais do Sodré. Kabla hamjakata tiketi au kubadilisha chochote angalieni tovuti ya makumbusho kama iko wazi wiki hiyo, majengo mengi ya Lisbon yanaingia kwenye ukarabati, hata mnara wa Belém ulifungwa 2025.

Na vile vigari vya kamba vya kupanda kilima msiviweke kwenye mpango. Cha Glória kilipata ajali Septemba 2025, watu 16 walipoteza maisha.

Viatu vya mama viwe na soli ya mpira inayong'ang'ania. Njia za wapita njia zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo miaka mingi, mvua ikinyesha kidogo tu vinateleza vibaya, hasa kwenye mteremko wa kutoka Sé.