Naomba ushauri: kontua (mistari ya mwinuko kwenye ramani) hazilingani na barafu iliyopo

Wakuu, natengeneza ramani ya milima yenye barafu, mbali kabisa na barabara. Nimetumia data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Mabondeni ziko sawa. Shida ni kwenye ncha ya mto wa barafu: nilisimama juu ya kokoto tupu, maji ya kijivu yakipita miguuni, huku ramani ikionyesha niko chini ya barafu. Imeshayeyuka! Droni nayo naihofia, maana theluji nyeupe haina alama za kuunganishia picha. Je, nianze kupima vituo vya GPS kwenye miamba ya pembeni, au nitafute picha pacha za setilaiti, yaani picha mbili za eneo moja zilizopigwa kutoka pembe tofauti ili kupata mwinuko? Nisaidieni jamani, kuna watu watapita huko wakiitegemea ramani hii.